Krismasi Baada ya Mavuno: Swali la Siku Takatifu katika Kitale na Bungoma

Miongoni mwa maswali ambayo dini zenye kalenda haziwezi kuyakwepa ni hili: je, siku huwa takatifu kwa asili yake, au utakatifu wake huletwa na watu wanaoiadhimisha, kiasi kwamba wakiiacha hubaki kuwa siku ya jua kuchomoza na kutua tu? Kwa kawaida swali hili hujadiliwa na wanateolojia, yaani wataalamu wa elimu ihusuyo Mungu, kwa mifano ya Roma, Yerusalemu na Uingereza. Hata hivyo, ni vigumu kupata mahali linapojitokeza waziwazi kuliko katika magharibi mwa Kenya, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, katika mji wa Kitale wa Kaunti ya Trans Nzoia na katika Bungoma iliyo upande wa mpaka wa Uganda, ambako Krismasi huadhimishwa kwa shangwe kubwa na watu ambao baadhi yao ni warithi wa dhehebu lililoanza kwa kukana kwamba Krismasi ni siku tofauti na nyingine.

Kabla ya kulikabili swali lenyewe, inafaa kuiondoa njiani hoja nyepesi inayorudiwa kila mwaka, kwamba Krismasi ya Kiafrika ni ya kuazima kwa sababu haina theluji. Kitale, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900, hupata mvua kuanzia Machi au Aprili hadi Oktoba au Novemba, na baridi yake kali ni ya katikati ya mwaka, hasa Julai, wakati mawingu yanapoyafunika mashamba ya mahindi. Desemba ndiyo mwanzo wa kiangazi, yaani kipindi cha jua na ukavu, ambapo mchana ni wa joto, usiku una ubaridi unaoshuka kutoka mlimani, na mabua yaliyokatwa yamesimamishwa mafungu mafungu shambani. Kwa hesabu ya wanaastronomia, Kitale na Bungoma ziko kaskazini mwa ikweta, ingawa kwa digrii moja tu au chini yake, kwa hiyo Krismasi yao ni ya majira ya baridi sawa na ile ya London, jambo ambalo hakuna mkulima wa Kiminini atakayelikubali huku ameanika mahindi yake juani. Wale wanaoigeuza hoja na kudai kwamba jua la Bungoma linaifanya sikukuu ifanane zaidi na ile ya Bethlehemu wanakosea vilevile, kwa maana Desemba katika milima ya Yudea ni wakati wa mvua na baridi, na Injili ya Luka, inayosimulia habari za wachungaji na hori la kulishia mifugo, haitaji mwezi wala msimu.

Tarehe yenyewe ilichelewa kupatikana. Ushahidi wa kale zaidi unaojulikana wa kuadhimishwa kwa tarehe 25 Desemba umo katika kalenda iliyokusanywa Roma mwaka 354, ambayo orodha yake inaaminiwa kuwa ya mwaka 336, karne tatu baada ya matukio yanayokumbukwa. Baadhi ya wataalamu husema kanisa liliitwaa sikukuu ya Jua ya Warumi, na wengine husema tarehe ilipatikana kwa kuhesabu miezi tisa kutoka 25 Machi, siku iliyodhaniwa kuwa ya kutungwa mimba kwa Yesu. Waarmenia hadi leo huadhimisha kuzaliwa kwake tarehe 6 Januari, na Waethiopia tarehe 7 Januari. Tofauti hizi zinatosha kuonyesha kwamba hakuna kitu angani wala ardhini kinachoifanya tarehe 25 Desemba kuwa tofauti na 24.

Watu waliolitambua jambo hili na kulifuata hadi mwisho wake walikuwa Marafiki, wanaoitwa pia Wakweka, jumuiya ya Kikristo iliyoanzishwa Uingereza katikati ya karne ya 17, ambayo mhubiri wake mkuu alikuwa George Fox (1624–1691). Marafiki hawakuwa peke yao katika kuishuku sikukuu, kwa kuwa Bunge la Uingereza lililotawaliwa na Wapuritani, yaani Waprotestanti waliotaka kulisafisha kanisa dhidi ya mapokeo yote yasiyo katika Biblia, lilikuwa limekwisha kuifuta Krismasi mwaka 1647. Lakini sababu za Marafiki zilikuwa za ndani zaidi. Wapuritani waliikataa Krismasi kwa kuwa haikuandikwa, huku wakiishika Jumapili kwa ukali. Marafiki walikataa wazo lenyewe la kuzigawa siku kwa daraja, wakafungua maduka yao siku ya Krismasi na wakaacha hata majina ya kawaida ya siku na miezi, wakizitaja kwa namba, ili pasiwe na siku yenye jina la mungu wa kipagani wala yenye heshima isiyostahili.

Hoja yao ina nguvu kuliko inavyodhaniwa na wengi wanaoiona kuwa ukavu wa watu wasiopenda furaha. Ikiwa Roho wa Mungu yupo daima na huweza kusema na mtu yeyote mahali popote, basi kuitenga siku moja iwe ya Mungu ni kuziachilia nyingine 364 ziwe za mwanadamu. Atakayemsamehe jirani yake siku ya Krismasi kwa sababu ni Krismasi amekiri kwamba mwezi Juni hakuwa na wajibu huo. Mtume Paulo mwenyewe, akiwaandikia Wagalatia, alionyesha wasiwasi juu ya waumini walioshika siku na miezi na majira, ingawa kwa Warumi aliandika kwa upole zaidi kwamba anayeitukuza siku fulani na anayeziona siku zote kuwa sawa waachwe kila mmoja na uthabiti wa nia yake. Kati ya maandiko haya mawili ndipo mjadala wote ulipo.

Mwaka 1902 wamisionari watatu wa Marafiki kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walianzisha kituo Kaimosi, na kutoka huko imani hiyo ilienea kaskazini hadi Lugulu na sehemu nyingine za Bungoma, kisha ikavuka na watu waliohamia mashamba ya Trans Nzoia. Wamisionari hao hawakuwa Marafiki wa mtindo wa Fox. Walitoka katika tawi lililobadilishwa na mikutano ya uamsho ya karne ya 19, ambalo lilikuwa na wachungaji, mahubiri na nyimbo, na ambalo kwalo Krismasi ilikuwa imekwisha kuwa jambo la kawaida. Leo Marafiki wa Kenya wanazidi 100,000, wakiwa miongoni mwa jumuiya kubwa kabisa za Marafiki duniani, na ibada zao zina kwaya, ngoma na kayamba, hata Desemba inapofika hakuna anayekumbuka kwamba babu wa imani hiyo angefungua duka siku hiyo. Ni rahisi kusema kwamba wamesahau. Hoja ya makala haya ni kwamba, pasipo kuiandika popote, wamejibu: siku si takatifu kabla watu hawajaifanya, na kuifanya siku ni kazi ya mikono, ya safari na ya sauti.

Msaada wa kulielewa jibu hilo unapatikana katika fikra za John Mbiti (1931–2019), mwanateolojia Mkenya aliyeeleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba, katika fikra za jadi, wakati si chombo kitupu kinachongoja kujazwa matukio, bali matukio ndiyo yanayoutunga wakati. Mtu hatumii wakati, anautengeneza. Mbiti alikwenda mbali zaidi na kudai kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na dhana ya wakati ujao wa mbali, dai lililopingwa vikali na wanafalsafa kama Kwame Gyekye wa Ghana, na kwa haki, kwani mtu anayepanda mti wa mpaka wa shamba lake anawafikiria vitukuu. Lakini dai likiwa na dosari, sehemu yake ya kwanza inabaki kuwa na manufaa, hasa panapozungumziwa sikukuu.

Wabukusu, ambao ndio wengi Bungoma na sehemu kubwa ya wakazi wa Trans Nzoia, walikuwa na wakati wa namna hiyo muda mrefu kabla ya Kaimosi. Tohara ya wavulana hufanyika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na wanaotahiriwa huingia katika marika, yaani makundi ya umri, yenye majina manane yanayozunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, kisha duara huanza upya. Mzee akitaja rika lake amejitaja yeye mwenyewe na ametaja tarehe. Hapa mwezi hauheshimiwi kwa ajili ya mwezi. Unaheshimiwa kwa sababu ya damu, wimbo na tope la mtoni analopakwa mvulana alfajiri ya siku yake, na mwaka usiogawanyika kwa mbili hupita bila mtu kuulaumu.

Katika mazingira haya ndimo alimotokea mpinzani wa pili wa Krismasi, tofauti kabisa na Fox. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyelelewa miongoni mwa Marafiki kisha akawaacha, aliongoza katika miaka ya 1940 Dini ya Msambwa, iliyowataka watu wamrudie Wele, Mungu wa Wabukusu, na kuwakumbuka wahenga, na iliyopigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1948 baada ya polisi kuufyatulia risasi umati huko Malakisi. Fox alipinga kwamba pawepo siku takatifu. Msimamo wa Masinde, ukifuatwa hadi mwisho, unauliza ni utakatifu wa nani unaowekwa kwenye kalenda. Swali hilo haliondolewi kwa kusema kwamba Krismasi imepokewa na wengi. Linajibiwa, kama linajibika, kwa kutazama kinachofanywa.

Kinachofanywa huanza siku nyingi kabla, na huanza na nyumba. Katika maboma yenye nyumba za udongo, mwezi wa Desemba ni wa kusiriba, yaani kupaka kuta na sakafu tabaka jipya laini. Kazi hiyo haiwezekani wakati wa mvua, kwa kuwa ukuta haukauki, wala wakati wa mavuno, kwa kuwa mikono imeshikwa. Udongo wa kichuguu hupendelewa kwa kuwa ni mwororo na hushikana, huchanganywa na kinyesi kibichi cha ng'ombe ambacho nyuzi zake huzuia nyufa, ukakanyagwa kwa miguu hadi uwe mzito kama uji wa kugandisha kijiko, kisha mwanamke huupaka kwa kiganja akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, na kila mvuto wa mkono huacha upinde, mpaka sakafu nzima inajaa pinde zilizopangana kama magamba ya samaki. Chini ya ukuta hupitishwa mkanda wa udongo mwekundu au wa rangi ya majivu, na wenye jicho huchora maua au pembe tatu juu yake. Hakuna kanisa lililoamuru kazi hii, na haimo katika liturujia, yaani utaratibu rasmi wa ibada. Lakini mtu akitaka kujua sikukuu inaanzia wapi, ajue kwamba inaanzia kwenye kiganja hicho, na kwamba udongo unaopakwa ni wa jamii moja na ule ambao Agosti humfunika mvulana.

Jambo hili lina uzito wa kiteolojia usioonekana haraka. Fundisho kuu la Krismasi ni Umwilisho, yaani imani kwamba Neno la Mungu lilitwaa mwili wa kibinadamu, likakaa mahali pamoja, katika ukoo mmoja, kwa lugha moja. Mungu anayetwaa mwili amekubali kuwa na siku ya kuzaliwa, hata kama hakuna anayeijua, na amekubali nyumba, hori na harufu ya mifugo. Fox alikuwa sahihi kwamba Roho hafungwi na siku. Lakini mwili hufungwa, na ndiyo maana dini ya Umwilisho haiwezi kuishi kwa Roho peke yake bila mahali na saa ya kukutania. Siku ya Krismasi, kwa maana hii, ni kama siku ya soko: hakuna aliye tayari kuapa kwamba siku hiyo ina nguvu ya pekee, ila muuzaji na mnunuzi wasipoafikiana juu yake kila mmoja atakuta uwanja mtupu.

Mapatano hayo hugharimu. Kutoka Nairobi hadi Kitale ni takriban kilomita 380, na katika juma la mwisho kabla ya sikukuu nauli za mabasi na matatu hupanda huku watu wakilala vituoni, wakiwa na unga wa ngano, mafuta na mchele, kwa kuwa chapati na wali ndivyo vyakula vinavyoitofautisha siku hiyo na siku za ugali. Kuku wa sikukuu hagawanywi ovyo. Firigisi huwekewa baba wa nyumba au mgeni anayeheshimiwa zaidi, na viungo vingine hufuata umri na nafasi, kiasi kwamba mtoto aliyezaliwa mjini hujifunza ukoo wake kwa kutazama sahani kuliko kwa kusimuliwa. Wapo watakaosema hapa hakuna dini, ni desturi tu. Nao wanapaswa kueleza ni katika sehemu gani ya Injili wamekuta karamu iliyotenganishwa na dini.

Kuhusu muziki, historia ni ya kukanusha na kurejesha. Litungu, kinanda cha nyuzi saba au nane chenye bakuli la mti lililowambwa ngozi, ambacho Wabukusu hukipiga wakisimulia habari za mashujaa, vifo na ndoa, kilihesabiwa na wamisionari wengi wa mwanzo pamoja na pombe na ngoma kuwa mali ya upagani, na waongofu walipewa vitabu vya nyimbo zenye mahadhi ya Uingereza na Marekani. Kwa upande wa Wakatoliki, ambao katika eneo hili walihudumiwa kwa muda mrefu na Wamisionari wa Mill Hill na leo wana Jimbo la Bungoma lililoundwa mwaka 1987 na Jimbo la Kitale lililoundwa mwaka 1998, mlango ulifunguliwa rasmi na hati ya liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani ya mwaka 1963, iliyoagiza kwamba mapokeo ya muziki ya kila taifa yapewe heshima yake katika ibada. Utamadunisho, yaani kuipa imani umbo la utamaduni wa watu wanaoiamini, ukapata hivyo idhini ya maandishi. Marafiki na Wapentekoste waliufikia bila hati, kwa kuleta ngoma kanisani mpaka wakatazaji wakachoka.

Hata hivyo utamadunisho una hatari ya kuwa pambo. Kuifungia misa ya mkesha vifungu viwili vya litungu ili wageni wapige picha si sawa na kuruhusu kinanda hicho kifanye kazi yake, ambayo ni kuhoji. Mpiga litungu katika mapokeo yake hutaja watu kwa majina, humsifu mkarimu na kumchoma mchoyo hadharani. Zaburi na manabii walifanya hivyohivyo. Kwaya ya Krismasi isiyothubutu kumtaja mchoyo imechukua sauti ya litungu na kuacha ulimi wake.

Na sababu za kuthubutu zipo. Sikukuu iliyotengenezwa kwa mikono inashindana sasa na ile inayonunuliwa, na dalili yake inayochekesha kidogo ni tawi la msaiprasi lililopachikwa vipande vya pamba badala ya theluji katika sebule za Kitale, ilhali msaiprasi wenyewe asili yake ni nyanda za juu za Meksiko na uliletwa kupandwa kwa ajili ya mbao. Pamba haimdhuru mtu. Kinachodhuru ni pale fedha za mahindi, ambazo Januari zitadaiwa na karo, zinapopimwa kwa nguo mpya za watoto, na asiye nazo anapoiona siku ikimpitia kama kesi ya kumshtaki. Vivyo hivyo, wanawake walioisiriba nyumba ndio wanaokaa jikoni siku nzima, na kibarua wa shamba kubwa hukamua ng'ombe tarehe 25 Desemba kwa saa ileile ya kila siku, kwa kuwa ng'ombe ni Mkweka wa kweli na hajui sikukuu. Marafiki, ambao usawa wa watu wote ni moja ya shuhuda zao kuu, wanapaswa kuumizwa na hili zaidi ya wengine: walipokubali kuwa na siku kubwa, walikubali pia swali la nani anaibeba.

Jaribio gumu kuliko yote lilitoka nje ya kanisa. Chaguzi kuu nne za Kenya, za 1992, 1997, 2002 na 2007, zilifanyika katika siku chache zilizofuata Krismasi, hivyo safari moja ya kwenda nyumbani ikawa ya karamu na ya kura. Mwaka 2007 kura zilipigwa tarehe 27 Desemba, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na katika majuma yaliyofuata zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale ukawa kambi ya waliokimbia, huku Mlima Elgon ukiwa tayari katika mapigano ya ardhi yaliyoanza mwaka 2006. Majirani walioimba nyimbo zilezile tarehe 25 walijikuta katika pande tofauti za uzio wa kambi kabla mwaka mpya haujazoeleka. Fox angepata hapa ushahidi wake, kwamba siku tukufu haikumlinda mtu. Na ni kweli haikumlinda, kwa kuwa siku iliyofanywa na watu haina nguvu kuliko watu walioifanya, na mapatano ya kukutana hayakuwa bado mapatano ya kuishi pamoja.

Katiba ya mwaka 2010 iliuondoa uchaguzi mkuu katika Desemba na kuupeleka Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Desemba ikapumua. Lakini mwaka 2022, uchaguzi ulipofanyika tarehe 9 Agosti katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, wagombea wa Bungoma na Trans Nzoia walikuta mwezi huo una mwenyewe tayari, yaani tohara.